Wiki ya Kuiaga Nairobi: Kutoka Umoja hadi Tanga

Nilikwenda Nairobi kwa mwezi mmoja. Mdogo wangu, aliyeolewa huko, mtaa wa Umoja, alipasuliwa ghafla mimba haijatimia, na mtoto akazaliwa na kilo 1.2. Nikafunga begi dogo, khanga na nguo za kubadilisha, nikamwambia mama nitarudi mwezi mwingine ukiandama. Nimerudi mtoto akiwa anakimbia kwenye korido na kufungua kabati la sufuria.

Sasa niko Tanga, mizigo imefunguliwa, na nimepata utulivu wa kukaa na daftari langu na picha za simu. Ndugu wengi wameniuliza habari za njia, nauli na mpaka, kwa hiyo nimeziweka humuhumu katikati ya mengine. Bei zote ni za Oktoba 2024, kwa shilingi za Kenya nisipotaja za kwetu. Wakati huo shilingi yao moja ilikuwa kama 21 zetu.

Kwanza, neno kwa anayetarajia kukaa. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kugongewa muhuri wa hadi miezi 6. Usome muhuri wako palepale dirishani, maana afisa ndiye anayeandika muda, na ukimwambia unakuja kwa mwezi mmoja anaweza kukuandikia huo huo. Maombi ya kuongeza muda yanapitia mtandao wa eCitizen, na ofisi yenyewe ya uhamiaji iko Nyayo House, katikati ya mji. Mimi kati hapo nilirudi nyumbani kwenye msiba, nikaingia upya. Tarehe zangu nilizilinda kama mboni ya jicho, na siku ya kutoka nilizifurahia.

Jumatatu, 14 Oktoba: tiketi

Kwetu ilikuwa sikukuu ya Mwalimu Nyerere. Nairobi ilikuwa Jumatatu ya kazi. Tulikaa na shemeji asubuhi, chai ya maziwa na mandazi mezani, tukaangalia njia. Ziko mbili. Ya Namanga unapita Kitengela, Kajiado, mpakani, halafu Arusha, Moshi, Same, Korogwe na Segera, na kwa mtu wa Tanga ni kuzunguka milima yote ya Pare na Usambara. Ya Mombasa unapanda treni ya SGR hadi stesheni ya Miritini, unavuka kwa feri pale Likoni, unashika barabara ya pwani hadi mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, na kutoka hapo Tanga imebaki kama kilomita 70. Nikachagua ya Mombasa.

Shemeji akatikisa kichwa. "Dada, wiki hii treni imejaa, wewe angalia tu." Jumapili tarehe 20 ilikuwa Mashujaa Dei, na mwaka huo sherehe za kitaifa zilipelekwa Kwale, njia ileile ninayoitaka. Nikabonyeza *639# kwenye simu. Jumamosi yote imejaa, Ijumaa mchana imejaa, ikabaki nafasi ya Ijumaa saa 2 asubuhi, daraja la kawaida, 1,500. La kwanza lilikuwa 4,500. Unaingiza namba ya pasipoti, unalipa kwa M-Pesa, unapata ujumbe. Ukisafiri wiki yenye sikukuu, kata tiketi mapema uwezavyo.

Hadi dakika ile nilikuwa nasema tu "nitaondoka karibuni". Ujumbe ulipoingia, mdogo wangu aliusoma begani mwangu, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jioni nikashuka kwa mama mboga. Kibanda chake kiko mlangoni mwa ploti yetu pale Umoja, mbao nne na bati, na ndiye mtu niliyezungumza naye kila siku ya Mungu tangu nifike. Anakata sukuma wiki mkononi, bila ubao: anayapanga majani moja juu ya jingine, anayakunja yakawa kama sigara nene, anayashika kwa vidole vya kushoto, na kisu kinapita mbele ya kucha zake kwa kasi ambayo mimi sijathubutu kuiiga. Nyuzi za kijani zinaanguka kwenye karatasi, nyembamba zote sawa. Mtoto wetu alipoanza kula mboga aliongeza wembamba bila kuombwa, akawa anamfungia ya kwake pembeni.

Mwaka ule wa kwanza, fedha zote zilipokuwa zinaishia hospitali, alitukopesha nyanya, vitunguu, mayai, hata mkaa wa jirani yake. Kwenye daftari lake nimeandikwa "Tanga". Nikamwambia ninaondoka Ijumaa, nimekuja kufuta jina. Deni lilikuwa 340. Akapiga mstari, akaniangalia. "Sasa wewe unaenda, na huyu mtoto atakatiwa mboga na nani?" Nikamwambia wewe. Akasema, "Basi mwambie mamake asinipite aende supamaketi." Nimemwambia.

Jumanne, 15 Oktoba: kliniki

Nilitaka niende kliniki kwa mara ya mwisho nikiwa nimembeba mtoto mimi. Matatu ya asubuhi kutoka Umoja ni 100, mchana 50, na mvua ikinyesha makanga anakutajia anachotaka. Panda saa 4 asubuhi ukiweza, utakaa na utalipa nusu.

Mtoto alipimwa: kilo 9.4. Nesi wa mizani ni yuleyule aliyekuwepo wodini mwanzoni. Sikulia, ila yeye alinishika mkono kwa muda.

Naeleza kidogo, kwa sababu ndiyo sababu ya yote. Nilipofika, mdogo wangu alikuwa hawezi kukaa wima, kidonda cha upasuaji kilikuwa hakijafunga. Mtoto mdogo vile hawezi kujipasha joto mwenyewe. Manesi wakanifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi: yeye na nepi na kofia ya sufi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limegeuzwa pembeni apate hewa, kisha khanga inafungwa kuzunguka sisi wote wawili kwa nguvu kiasi cha mtu kuweza kusimama bila kushika. Njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za kupasha joto zilipokuwa hazitoshi. Mdogo wangu akimaliza zamu, naingia mimi. Nilikuwa nalala nimekaa. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kifua changu, na zikichelewa namgusa unyayo.

Kila asubuhi mizani. Zikiongezeka gramu 20 tunapeana mikono chumba kizima, akina mama wa Kayole, wa Mathare, wa Kitengela, tusiojuana majina ya ukoo. Zikipungua, mwenzako anakuletea uji wako bila maneno. Nimejifunza Nairobi kwenye chumba kile kabla sijaiona barabara yake hata moja.

Ushauri kwa anayekwenda kuuguza: beba khanga nyingi na nguo nzito. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na Julai yake ina baridi ambayo mtu wa pwani haijui. Beba pia uvumilivu wa foleni, na simu yenye laini ya huko, maana malipo karibu yote ni M-Pesa. Laini unasajili kwa pasipoti.

Jumatano, 16 Oktoba: Gikomba na Eastleigh

Siku ya zawadi. Niliteremka Muthurwa, nikatembea hadi Gikomba, soko la mitumba, kabla ya saa 2. Kule ukichelewa unakuta nguo zimeshachambuliwa. Zile safi wanazoziita kamera zinatoka dakika ambayo belo linakatwa. Nikapata sweta mbili za mama kwa 300, magauni ya wapwa kwa 150 moja, na koti la baba ambalo lilikuwa refu mikono. Fundi mwenye cherehani ya kukanyaga, amekaa pembezoni mwa njia watu wakipita mgongoni mwake, aliikunja mikono hiyo kwa 100 huku nikisubiri, akaipiga pasi ya mkaa bila kudai nyongeza. Aliposikia ninarudi Tanzania aliniuliza kama kwetu mafundi wanapata kazi. Nikamwambia wanapata, hasa kwenye harusi na Idi. Akasema siku moja atakuja aone bahari. Ana mvi kichwa kizima na hajawahi kuiona.

Chapati madondo kwenye kibanda, 80, maharage mazito yenye karoti ndani. Hicho nakikumbuka kila siku saa 7 mchana.

Eastleigh nilikwenda kwa vitambaa. Nilikuwa nimeshalipia dirii mbili za dada zangu mvua ilipoanguka, ile ya Oktoba inayoanza bila kutangaza. Barabara ikageuka mto wa matope na karatasi. Mwenye duka, mama wa Kisomali niliyemkuta siku hiyo kwa mara ya kwanza, akavuta stuli, akaniwekea mizigo yangu juu ya meza isilowe, akaagiza chai yenye iliki na mdalasini kwa ajili yangu na wafanyakazi wake. Adhuhuri ilipoingia akanionyesha pazia la nyuma, nikasali kwenye mkeka wake. Nilikaa pale kama saa nzima na ushee. Alipojua nilikuja kulea, akakunja shela ndogo ya rangi ya maji ya bahari akaitia kwenye mfuko. "Ya mama yako. Amekukopesha kwetu muda mrefu."

Mifuko: usifunge chochote kwa nailoni. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na sisi tukafuata 1 Juni 2019, kwa hiyo haikufai upande wowote wa mpaka.

Alhamisi, 17 Oktoba: mjini, halafu ukumbini kwetu

Asubuhi nilijipa mwenyewe. Nilishuka karibu na Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa benki zamani na sasa lina vitu vya sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966. Ng'ambo ya barabara amesimama Tom Mboya wa shaba, yule waziri, mita chache kutoka mahali alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Watu wanapeana miadi miguuni pake. Mimi pia nilizoea kumsubiri mdogo wangu pale akitoka kazini.

Lakini mahali pangu hasa ni Jeevanjee. Bustani hiyo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, na hadi leo ni ya kila mtu: mhubiri mwenye spika, wanafunzi, wazee wenye gazeti moja la kusoma watu sita, mtu anayelala. Siku ambazo wodi ilinilemea, nilikuja kukaa benchi lolote lililo wazi, nikasikiliza watu wakibishana. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninafanya nini pale. Mtu mwenye huzuni anahitaji sehemu kama hiyo, ya bure, yenye kivuli, na miji mingi haina.

Alhamisi ile palikuwa pamechemka. Seneti ilikuwa inasikiliza hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, na kila televisheni ya kila mkahawa ilikuwa huko. Mzee mmoja wa tai alikuwa anawafundisha vijana hesabu kwa vidole: maseneta ni 67, theluthi mbili ni 45, zikipungua hata moja hakuna kitu. Vijana wanakataa, yeye anarudia tangu mwanzo, hakasiriki. Aliponiona nasikiliza akasogea kwenye benchi. "Keti, mama. Wewe unaonaje?" Nikamwambia mimi ni mgeni kutoka Tanga, naondoka kesho. Akasema, "Mgeni ndiye anayeona." Nikamwambia nilichoona ni kwamba mnabishana tangu nije na kesho yake mnakaa tena benchi moja, na hilo nitaliongelea nyumbani. Alilipokea kwa heshima, akanipa mkono.

Mijakaranda ilikuwa imechanua, zambarau njia nzima. Atakayekuwa huru kuchagua mwezi wa kwenda Nairobi, achague Oktoba.

Nikabadilisha fedha kidogo kwa ajili ya mpakani, nyingine nikajitumia. Kutoka M-Pesa ya Kenya unaweza kutuma moja kwa moja kwenye M-Pesa ya Vodacom Tanzania, na ni salama kuliko kutembea na noti.

Jioni nilipika mimi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari. Nazi nilizipata kwa 100 moja, nikanunua bila kuuliza mara mbili. Majirani wa ghorofa yetu walileta chapati, ndengu na mukimo. Tulikuwa tumejaa mpaka ngazini. Saa 2 usiku umeme ukakatika, mishumaa ikawashwa, na simu moja ikaegemezwa kwenye chupa ya chai ili wanaume wafuatilie Seneti. Matokeo yalipotoka, usiku umeshaingia sana, na hoja imepita, ghorofa nzima ya chini ilisikika ikipiga kelele, huku kwetu walikuwepo wa kila upande na hakuna aliyemkatia mwenzake chai.

Wenzetu wa Kenya hawamwachi mtu aondoke bila hotuba. Alisimama mmoja mmoja. Keyateka, msimamizi wa jengo, alisema nilikuwa mpangaji pekee asiyelipa kodi aliyefagia ngazi. Kijana wa maji, yule wa mkokoteni aliyetupandishia mitungi hadi ghorofa ya nne siku mfereji ulipokauka, alisema hana maneno, akaketi, akasimama tena akasema, "Mama alikuwa ananipa chai." Mchungaji wa jirani akaomba dua ya safari, shemeji akanitazama, nikaitikia amina kwa moyo wote, kisha nikasoma Fatiha na wote wakainamisha vichwa.

Jirani wa mlango wa pili, mama wa Machakos, alinipa kiondo, kikapu cha kusukwa. Nilikiona kikizaliwa. Alikuwa anakuja kukaa nami mchana mtoto akilala, anavuta nyuzi za katani, anazisokota juu ya paja kwa kiganja, mbele na nyuma, hadi paja linang'aa, kisha anaanza kutoka kitako, duara juu ya duara. Mwekundu, mweusi, rangi ya katani yenyewe. Mimi nimezaliwa kwenye mkoa wa mkonge, nimepita kando ya mashamba yake maisha yangu yote, na sikuwahi kukaa nikaangalia uzi ukisokotwa. Nilidhani ni cha kuuza. Alinikabidhi mbele ya watu akasema alikianza wiki ambayo mtoto alifikisha kilo 2.

Ijumaa, 18 Oktoba: Syokimau hadi Mombasa

Tuliamka saa 10 usiku. Nilikuwa nataka kutoka mtoto akiwa amelala. Mdogo wangu akakataa. "Dada, mwache akuone. Ukitoroka atakutafuta kila chumba." Akamwamsha. Mtoto akanizungushia mikono shingoni, mzito wa usingizi, akaomba kiatu changu akishike. Nikamweleza kwamba mamkubwa anakwenda kwa bibi, kwamba bibi anamsubiri na yeye. Alisikiliza. Shemeji akaniambia tuondoke sasa, na nikamkabidhi mtoto kwa mama yake. Mdogo wangu na mimi hatukusema mengi. Tulishasema usiku kucha.

Teksi kutoka Umoja kwa barabara ya Outering hadi stesheni ya Syokimau, 900 alfajiri. Yuko anayependa treni ndogo ya mjini inayounganisha na SGR, lakini kwa mizigo yangu haikufaa. Fika saa nzima kabla. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, watu wanasogea nyuma, mbwa wa polisi wananusa, kisha mashine, kisha pasipoti, kisha mashine tena. Askari mwanamke alipoona fundo la begi langu limeanza kuachia, alichuchumaa, akalifunga upya kwa kamba yake mwenyewe. "Hii itafika Tanga," akasema.

Treni ikaondoka saa 2 kamili. Nilikuwa na mzee wa Kitaita anayeshukia Voi. Akanipa dirisha bila kuombwa, alisema yeye ameshaiona hiyo nyika tangu reli ya zamani. Ile ya zamani bado inaonekana pembeni sehemu nyingine, nyembamba, majani yameota. Waingereza waliianza Mombasa 1896, na Nairobi yenyewe ilizaliwa 1899 kama kambi ya mafundi wake, palipokuwa na maji na nyasi tu. Nikamwambia mzee kwamba Tanga tuliwatangulia, Wajerumani walianza kutandaza ya kwetu 1893. Akacheka sana. "Lakini sisi tulikula simba wa Tsavo," akasema. Nikamwambia mliliwa ninyi, mwaka 1898, mkijenga daraja la reli. Tukagawana chapati zangu. Beba chakula chako, cha ndani ni ghali.

Emali, Kibwezi, Mtito Andei. Baada ya Mtito nilisimama dirishani: ndovu wekundu wa vumbi la Tsavo, kundi zima karibu na reli, ambayo sehemu hizo imeinuliwa juu ili wanyama wapite chini yake. Voi mzee akashuka, akapunga hadi treni ikaanza. Mariakani joto likarudi, lile letu, nikavua sweta.

Miritini saa 8 mchana kasoro kidogo. Matatu hadi mjini 100. Nililala Likoni kwa shangazi, aliyenipa maji ya kuoga kabla ya salamu kuisha.

Jumamosi, 19 Oktoba: Likoni, Lunga Lunga, Tanga

Mahamri na mbaazi za nazi, kisha steji. Feri ya Likoni kwa waendao kwa miguu ni bure, ila mimi nilikuwa nimeshavuka jana yake. Matatu ya Lunga Lunga 400. Kombani, kwenye njia panda ya kwenda Kwale, tulisimama muda mrefu: mabasi ya wageni wa sherehe, polisi, bendera, wanafunzi waliovaa sare za kwaya. Baada ya Ukunda barabara ikafunguka, na Msambweni tulipita kama upepo.

Kutoka steji hadi mpakani bodaboda 100. Taratibu za kutoka Kenya na kuingia Tanzania nilizimaliza zote Horohoro, kwenye jengo moja, meza kwa meza. Afisa wa Kenya alizifungua kurasa zangu, akaangalia mihuri. "Ulikuwa unafanya nini muda wote huu?" Nikamwonyesha picha mbili kwenye simu, ya wodini na ya Alhamisi. Akaziangalia, akamwita mwenzake aone, akagonga muhuri. Ndugu wa forodha upande wetu aliuliza kuhusu nguo, nikafungua, akaona ni za familia, akafunga mwenyewe. Kadi ya homa ya manjano nilikuwa nayo mkononi, beba yako.

Noah hadi Tanga, shilingi 5,000 zetu. Saa 9 alasiri nilikuwa nyumbani. Ukijumlisha nauli zote tangu mlangoni Umoja, kwa fedha za Kenya ni kama 3,200, na teksi ya alfajiri ndiyo iliyokula sehemu kubwa baada ya treni.

Mama ameivaa shela ya Eastleigh kila Ijumaa. Baba anasema koti ni zito kwa Tanga, lakini amelitundika mahali pa kuonekana. Mdogo wangu ananiambia mtoto alikaa mlangoni siku mbili tatu jioni, siku hizi anashuka na shemeji kwa mama mboga na kurudi na kifurushi chake mwenyewe. Wamepanga kuja likizo ya Desemba. Nimeshamweleza seremala wa Ngamiani vipimo vya kitanda kidogo, amesema mninga anao, nikamwachia nusu ya fedha.